Wanawake Walioipa Bahari Mgongo

Boti iliyotupeleka Sumbwi haikuwa na nahodha, na mimi kitu kisicho na mwenyewe sikiamini. Ilijing'oa yenyewe kutoka bandari ya Wete, ikajichagulia njia kati ya mawimbi, kisha kwa sauti laini ya kike ikatuomba tukae vizuri. Nilikaa, lakini macho sikuyafumba. Mama yangu husema nilizaliwa nimekunja ndita, nikamtazama mkunga kama vile ameniibia kitu, na sijawahi kumbishia.

Mwenzangu Lushinde hakuwa na nafasi ya kushuku chochote, maana aliinamia baharini akitoa chai yote ya asubuhi.

"Dada Kidawa," alisema alipopata pumzi, "kwetu Dodoma maji yanakaa kwenye ndoo. Yametulia. Unayachota ukipenda."

"Na bado ukachagua kusomea bahari."

"Nilichagua kwenye skrini, aisee. Kwenye skrini haiyumbi."

Tulikuwa wanafunzi wawili tuliochaguliwa na chuo kwenda mafunzo ya vitendo katika kisiwa hicho, na darasa zima lilituonea kijicho. Baada ya miaka ya joto kuu, miamba mingi ya pwani ilikuwa imekufa na kubaki myeupe kama chokaa. Mwamba wa kijijini kwetu, mashariki ya Unguja, ulikufa mimi nikiwa shule ya msingi. Bibi yangu, aliyechokoa pweza tangu usichana wake, aliendelea kushuka kila bamvua, siku zile maji yanapokupwa sana na mwamba kubaki wazi, akawa anarudi na kikapu kitupu, mpaka siku moja akakitundika ukutani na asikitungue tena. Alikufa hajanirithisha hata tundu moja, kwa sababu hapakuwa na la kurithisha.

Ndiyo maana niliomba Sumbwi. Mwamba wa Sumbwi ulikuwa umepandwa upya kwa matumbawe yasiyoogopa joto, pweza walikuwa wamerudi, na Taasisi iliyousimamia iliahidi kwamba mwanafunzi ataondoka pale akijua kuchokoa kama mtu aliyezaliwa kisiwani. Nilikitaka kitu hicho kuliko nilivyoitaka shahada yenyewe. Na kwa kuwa nilikitaka mno, nilikishuku.

Boti ikajifunga gatini. Maji yalikuwa yametoka, yameuacha mwamba wazi mpaka mbali, madimbwi yanang'aa. Ilikuwa saa ya pweza kabisa. Kwetu zamani, saa kama hiyo hukumkuta mwanamke nyumbani. Hata mwenye uchungu angemwomba mtoto asubiri. Lakini pale Sumbwi wanawake kumi hivi, wote watu wazima, walikuwa wamekaa kwenye baraza ndefu ya mawe juu ya gati, kanga begani, na wote wameipa bahari mgongo. Walikuwa wanatazama ukuta wa ghala.

"Labda wanakimbia jua," alisema Lushinde.

Jua lilikuwa likiwapiga usoni.

Kikongwe mmoja akainuka kumpisha mwanamke wa makamo aliyekuwa akipita na ndoo. "Shikamoo, mama," akasema yule kikongwe. "Marahaba, mwanangu," akajibu yule wa makamo, wala hakuona haya. Nilisimama na begi langu mkononi. Nimeona vijana wasio na adabu, lakini mzee kumwamkia mtu wa umri wa binti yake sikuwa nimeona.

"Usituone wendawazimu," ilisema sauti kutoka mwisho wa baraza. Aliyesema alikuwa mama mfupi, mweusi wa kung'aa, pengo moja mbele. "Yule mwenye ndoo alimpa mwenziwe tundu lake la pweza siku alipoolewa ng'ambo, ingawa sasa karudi. Aliyekupa tundu ndo mama yako, awe mdogo, awe mkubwa. Ndo ada yetu. Weye ndo Kidawa?"

"Ndiye. Shikamoo."

"Marahaba. Miye Mize. Miye ndo mama yako weye." Akanishika mkono, akaugeuza, akakitazama kiganja kama mtu anayenunua samaki. "Nliposikia anakuja mjukuu wa mchokoa pweza, nliwaambia, huyo wangu. Miye mwanangu yuko Maskati, anafuga paka. N'takaa na matundu yangu nimwachie nani?"

Nilitaka kumkumbatia. Badala yake nikamwuliza kwa nini hawajashuka mwambani na maji yametoka. Bi Mize akacheka, akasema maswali ya mgeni hujibiwa akishakula.

*

Mkuu wa mafunzo aliitwa Daktari Nasra Feruzi, mwanamke mrefu, mpole, aliyevaa viatu vya kitambaa cheupe visivyo na hata alama moja ya chumvi. Mimi nikimwona mtaalamu wa bahari mwenye viatu vikavu, namtazama mara mbili.

Alitupeleka maabara akatuonyesha Utepe. Ulikuwa ukanda mwembamba wa kijivu, unafungwa kichwani kama mtu anayeumwa na kipandauso.

"Mchokoaji hajui kwa maneno," alieleza. "Anajua kwa nyayo na vidole. Mkimwuliza tundu liko wapi atawaambia 'pale', basi. Ujuzi huo ni njia ndani ya ubongo, zimekazana kwa miaka na miaka ya kupitwa. Utepe unazilegeza kidogo ili zisomeke, unazisoma, halafu unazichora kwa mwanafunzi. Asubuhi mwanafunzi anaamka na njia zile miguuni."

"Na aliyesomwa?" niliuliza.

"Hapotezi kitu. Ukiipiga nyumba picha, nyumba inabaki."

"Lakini umesema zinalegezwa."

"Kidogo, Kidawa." Akatabasamu. Mimi mtu akinitabasamia kabla sijamaliza swali, huwa nauangalia mkoba wangu.

Lushinde ndiye aliyetangulia kuvishwa. Ujuzi wake ulikuwa umetolewa na mwanamke mmoja wa pale barazani, Bi Hadia, aliyesomwa bamvua ya mwezi uliopita. Lushinde alilala nusu saa na Utepe kichwani, akaamka akiomba chakula, na mimi nikamcheka kwamba kitu pekee alichorithi ni njaa ya Bi Hadia.

Kesho yake maji yalipotoka sikucheka tena. Yule mtu wa ndoo, aliyekuwa akiogopa hata kumaliza ngazi za gati, alivua viatu akashuka mwambani kama anayeingia chumbani kwake. Hakutazama chini. Aliruka panapostahili kurukwa, akazunguka panapostahili kuzungukwa, akafika mahali ambapo mimi sikuona chochote ila jiwe na takataka za magamba ya kaa. Akainama, akachomeka kijiti, akakitikisa taratibu, na pweza mzima akatoka ameuzonga mkono mpaka kiwikoni.

"Dada!" alipiga kelele. "Dada, mimi sijui nafanya nini! Mguu wenyewe unajua!"

Machozi yalikuwa yanamtoka kwa furaha, na sitasema uongo, nilimwonea wivu.

Ndipo Bi Hadia alipokuja. Daktari alikuwa amemtuma atuletee ndoo tuliyoisahau. Alikuja kwa kunyata, macho ameyainamisha, kanga ameivuta mbele kama upindo wa bibi harusi, akasimama pale mchanga unapokwisha na mwamba kuanza.

"Njoo Bi Hadia, uone mwanao!" nilimwita.

"Miye huko sikanyagi tena, mwanangu. Nshatoa. Mtu akishatoa hakanyagi, na maji yakitoka hatazami, jicho lisije likatamani cha mtoto wake." Alisema kwa utulivu, kama anayeeleza jinsi ya kupika wali. Lakini ndoo ilikuwa lazima ifike, na kati yetu palikuwa na dimbwi moja tu, ukingoni mwa mchanga, si mwambani bado. Alilitazama lile dimbwi. Alilitazama kwa muda mrefu, halafu akainua uso kwa Lushinde.

"Baba," akamwuliza, "hapa pana kina?"

Alimwuliza mtu wa Dodoma. Dimbwi lenyewe lilikuwa hatua chache kutoka gatini, mahali ambapo mwanamke yule alikuwa amepita maisha yake yote.

"Linafika gotini tu, mama," alijibu Lushinde kwa upole. "Pita upande wa kulia, kushoto pana miiba."

Bi Hadia akapita kulia, ameshika ndoo kwa mikono miwili, akitetemeka kama anayevuka mto wa ugenini.

*

Nilimkuta Daktari Nasra maabara akinywa chai ya tangawizi. Sikubisha hodi.

"Bi Hadia amesahau mwamba," nikamwambia.

"Bi Hadia ni mtu mzima. Watu wazima husahau."

"Anakumbuka jina la boti ya kwanza kufika kisiwa hiki. Anakumbuka nani alizaa siku gani. Amesahau alichosomwa tu."

Akakizungusha kikombe.

"Mliujaribu Utepe wapi kabla ya hapa?" nikauliza.

"Mjini. Kwa mafundi cherehani, wapishi, wapiga kinanda. Hakuna hata mmoja aliyepoteza kitu, Kidawa. Hata mmoja. Unaweza kukagua."

"Na baada ya kusomwa walifanya nini?"

"Walifanya nini vipi? Walirudi kazini."

"Kesho yake?"

"Kesho yake, ndiyo. Fundi lazima ashone." Halafu akanitazama, na nikaona kwamba jambo nililokuwa nalifikia mimi, yeye alikuwa amelifikia zamani.

Nililisema hata hivyo, kwa sababu mambo mengine lazima yasemwe na mtu. Njia mliyoilegeza hukazika tena ikipitwa. Fundi alikaa kwenye cherehani kesho yake, mguu ukakumbuka, njia ikakazika. Wanawake wa Sumbwi hawakurudi. Kwao aliyetoa hakanyagi tena. Njia ikabaki imelegea, haipitwi, mpaka ikafa. Na walipoanza kusahau, hawakulalamika, maana waliona ndivyo inavyopaswa kuwa: nimetoa, basi kimetoka.

"Mliwaambia wakanyage?" nikauliza.

"Tuliwaambia waendelee na shughuli zao za kawaida."

"Na kawaida yao ni kutokukanyaga."

"Taasisi haiingilii mila za watu," alisema Daktari Nasra. Alilisema polepole, kama sentensi aliyojizoesha mbele ya kioo. Kisha sauti ikamshuka. "Mwamba unapumzika, Kidawa. Hujauona ulivyokuwa. Tumepanda matumbawe hapa mara tatu, na mara tatu yakavunjwavunjwa na nyayo. Sasa hakuna anayekanyaga ila nyinyi wanafunzi, siku chache, mnaondoka. Mwamba wa kwenu ulikufa. Huu uko hai. Jiulize bibi yako angechagua nini."

Hapo alinipata, na alijua amenipata. Bibi yangu angeuza pete yake ya ndoa ili mwamba wetu uishi. Lakini angeuza pete yake mwenyewe, siyo akili ya jirani.

"Bi Mize amesomwa lini?" nikauliza.

"Juzi, kabla hamjafika. Amekutaja wewe kwa jina. Ujuzi wake upo hapa, unakusubiri."

"Unaweza kumrudishia?"

"Utepe hauchori kwenye ubongo wa umri ule. Tumejaribu." Akanywa chai. "Kwake ujuzi unaweza kukazwa kwa nyayo tu, akikanyaga mwenyewe, kabla bamvua haijaisha. Na hatakanyaga. Nimewahi kumwomba mmoja. Nililia, kama unataka kujua. Alinifunga mdomo kwa kanga yake."

Nilimwamini kwamba alilia. Nilishuku tu kwamba alilia mara moja, akafuta uso, kisha akaendelea kuwavisha waliobaki.

*

Bi Mize alikuwa uani akikuna nazi. Nilimweleza yote, na nilimweleza vibaya, kwa sababu nilikuwa na hasira na mtu mwingine. Alinisikiliza huku mbuzi ya kukunia ikiendelea kulia kwa kasi ileile.

"Kwa hiyo wasema n'tasahau."

"Umeshaanza, Bi Mize."

"Na wataka nirudi mwambani nikakanyage, ilhali nshatoa. Wataka nile matapishi yangu, Kidawa? Mbele ya wenzangu?" Mikono ilisimama. "Au ndo waikataa zawadi yangu kwa mlango wa nyuma? Sema tu. Nimesikia watu wa Unguja mnajisikia."

"Siikatai. Wallahi naitaka mpaka naumwa."

"Basi chukua, unyamaze."

Nilikaa chini kwenye mkeka, karibu na goti lake. "Nielekeze tundu la kwanza," nikamwambia. "Lile la marehemu mama yako. Nielekeze kwa mdomo tu, kama hadithi."

Akafurahi, maskini. Akaweka kifuu pembeni, akapangusa mikono. "Hilo rahisi. Washuka gatini, wayapa magofu bega la kushoto, waenda mpaka kwenye jiwe lenye... Jiwe hilo lina..." Akafumba macho. Vidole vya mguu vilikuwa vikijikunja na kujikunjua vumbini, vinatafuta. "Halafu wakata. Wakata kuli... Ngoja. Nlikuwa nalo hapa sasa hivi."

Nilingoja. Kuku walipita. Alipofumbua macho, uso wake ulikuwa wa mtoto aliyepotezana na mama yake sokoni.

"Mama alinishika mkono pale," alisema. "Mkono naukumbuka. Mahali sipaoni."

Nilitaka kwenda kuipiga teke boti ile yenye sauti tamu, na Utepe, na viatu vyeupe. Bi Mize alilia kidogo, kwa aibu, akijifuta kwa kanga yenye machicha ya nazi.

"Lakini siwezi kukanyaga," alisema mwishowe. "Hata kwa hili. Wenzangu wote wamekaa barazani wamesahau kwa heshima. Miye nikimbilie mwambani kama mwizi? Tundu si langu. Hakanyagi mtu tundu ambalo si lake mpaka apewe na mwenye nalo."

"Mwenye nalo ni nani?"

"Weye. Nshakupa kwa jina."

"Na mimi nikishalipokea, naweza kumpa nimtakaye?"

Alianza kusema ndiyo, akanyamaza. Alinitazama kwa jicho la kushuku ambalo lingemfaa binti wa mama yangu.

"Nikimpa mtu aliyenizidi umri?" niliendelea.

"Atakuwa mwanao," alisema taratibu. "Itambidi akuamkie. Na weye..." Akanishika kidevu. "Kidawa, ukishatoa, weye hukanyagi tena. Wajua? Sumbwi yote. Na hicho utakachovishwa kitakufia miguuni kama kilivyotufia siye. Utarudi kwenu mikono mitupu kama bibi yako."

"Najua."

"Hujui. Hujakivaa bado."

*

Alisema kweli. Nilimwendea Daktari Nasra, akasema, "Nilijua utarudi," na kwa neno hilo peke yake nilitaka kugeuza njia. Nilijilaza. Utepe ulikuwa wa vuguvugu. Nilijiuliza swali ambalo mpaka leo sijalimaliza: ninavaa ili nimrudishie Bi Mize chake, au namtumia Bi Mize kama kisingizio cha kuvaa? Nimezoea kuwashuku watu wote, lakini siku ile wa kushukiwa alikuwa mmoja, na alikuwa amelala pale kitandani.

Nilipoamka, nyayo ziliniwasha.

Kesho yake, siku ya mwisho ya bamvua, nilisimama mwisho wa gati, mwamba ukafunguka mbele yangu. Sijui niseme vipi. Palikuwa palepale, mawe na madimbwi, lakini kila jiwe lilikuwa limenigeukia. Pale pana jike la zamani. Pale usikanyage asubuhi. Pale mama alinishika mkono. Mama wa nani? Sikujali. Nilishuka nikikimbia, na kwa muda ule mfupi nilikuwa na kila kitu ambacho bibi yangu alikitundika ukutani. Nililia kwa sauti, na hakuna wa kunicheka ila Lushinde, naye yuko mbali, maji yamemfika kiunoni, akiimba.

Kisha nikakumbuka nilichojia. Nikarudi.

Bi Mize alikuwa amekaa barazani na wenzake, mgongo umeielekea bahari. Nikampa mkono. Wale wengine hawakugeuka, lakini migongo yao ilisikiliza yote.

"Njoo nikupe kitu," nikasema, kama ada inavyotaka.

Alikaa hivi kwa muda, mpaka nikadhani amekataa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yule hakuwa mtu wa kuinama kirahisi. Halafu akainuka, akavua makubadhi, akanifuata.

Kwenye tundu la kwanza nilimshika kifundo cha mkono, nikamwingiza mkono ndani kabla ya kijiti, kama inavyofanywa. Alikuwa mzito, ananiangalia mimi badala ya kuangalia jiwe. Hakujua kitu. Kwenye la pili alijikwaa. Kwenye la tatu alisimama kidogo kabla sijamvuta, akanusa hewa. Maji kwa mbali yalikuwa yameanza kurudi, na mimi nikaanza kuharakisha, jasho linanitoka, nikimwonyesha hili na lile kama mwalimu mbovu kabla ya mtihani.

"Twende huku sasa, Bi Mize, halafu tukate..."

"Nyamaza."

Nikanyamaza.

"Usiniambie," alisema. Macho aliyafumba. Vidole vya mguu vikajikunja juu ya jiwe, vikajikunjua. Akapiga hatua moja kushoto, ambako nyayo zangu zilikuwa zinanivuta pia, nikajizuia nisimtangulie. Akapiga nyingine. Akainama mwenyewe, akaingiza mkono mwenyewe, na nikauona uso wake ukibadilika pale kitu cha ndani kilipomshika vidole.

"Yumo," akasema. "Mwanaharamu mkubwa, yumo!" Akacheka kwa sauti iliyofika gatini. Akacheka mpaka akakaa majini na nguo zake, pweza amemzonga, akimtukana kwa mapenzi.

Ilibaki neno moja. Aliinuka, akajipangusa, akainama mbele yangu, mama wa umri wa bibi yangu, maji yakimchuruzika.

"Shikamoo, mama," alisema.

Nitakuwa mwongo nikisema nilijibu palepale. Mpaka nimwitikie, matundu yalikuwa bado yangu. Mwamba wote ulikuwa bado umenigeukia. Ningeweza kusema tungoje bamvua ijayo, ungoje upone vizuri, tutakuwa nayo pamoja, na huenda angekubali, na hakuna ambaye angejua isipokuwa mimi. Nilitazama mpaka upeo wa macho. Nilijaribu kukikariri kila kitu kwa macho, nikijua kwamba macho hayana kazi pale.

"Marahaba, mwanangu," nikasema.

Kisha nikageuka. Nilitembea mpaka gatini bila kutazama nyuma, na nilitembea vizuri, sikujikwaa hata mara moja, jambo lililonitia uchungu zaidi. Nilipofika barazani sikujua nikae wapi. Bi Hadia akasogea, akanipisha. Nikakaa kando yake, bahari mgongoni, ukuta wa ghala usoni. Ukuta wenyewe ulikuwa na ufa mrefu uliozibwa kwa saruji. Nyuma yetu Bi Mize alikuwa bado anacheka.

Kisha Bi Hadia akaniinamia.

"Yule mwanangu wa Dodoma," alinong'ona, "akiambiwa anirejeshee, atakubali?"

Tukasikia Lushinde mwambani akipiga ukelele wa furaha, amepata mwingine. Nilifikiri jinsi alivyolia siku ile ya kwanza. Nilifikiri pia kwamba Bi Hadia alisomwa mwezi mzima uliopita, na huenda hata Lushinde akikubali, mguu wa mama huyu hautapata cha kukumbuka.

"Sijui, Bi Hadia," nikamwambia. "Tutamwuliza maji yakijaa."

Akaitika kwa kichwa. Tukakaa tukingoja maji yajae.